Milimita tatu za upande wa mshipa: uchambuzi wa kisa cha kuunguza uvimbe wa pafu kwa maikrowevu

Picha ya CT ya mwezi wa kwanza baada ya tiba ilisema uvimbe umekua zaidi ya mara mbili. Ya mwezi wa sita ikasema umepungua. Ripoti zote mbili zilipima sawasawa na zote mbili zilipotosha: ya kwanza ilizua hofu pasipo na sababu, ya pili ilileta utulivu usiostahili. Kisa hiki kinafuata chanzo cha kosa hilo hadi kwenye chumba cha CT, siku antena, yaani sindano inayotoa maikrowevu, ilipoingizwa.

Mgonjwa tunayemweleza ameunganishwa kutoka kwa visa vinavyofanana, na vipimo vimepangwa ili hesabu ya ukingo, yaani ukanda wa tishu iliyoungua kuzunguka uvimbe, ionekane wazi. Maamuzi, makosa na sababu zake ni vya kawaida katika kazi hii.

Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 64, mkazi wa Mombasa. Miaka minne iliyopita aliondolewa saratani ya utumbo mpana iliyokuwa imefika kwenye tezi za limfu, akapewa kemo ya miezi sita. Mwaka wa pili kinundu kimoja kilionekana pafu la kushoto, kikakatwa kwa upasuaji. Hajawahi kuvuta sigara, ila amepikia kuni kwa zaidi ya miaka 30, na kipimo cha kupuliza kilionyesha gharama yake: hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa asilimia 56 ya ile inayotarajiwa kwa umri na kimo chake.

Katika ufuatiliaji, CEA ya damu, protini ambayo saratani ya utumbo huitoa, ilipanda kutoka 2.1 hadi 7.8 ng/ml. CT ilionyesha kinundu cha mm 16 nyuma ya sehemu ya chini ya pafu la kulia, mm 22 kutoka kwenye utando wa pafu. Upande wake wa ndani uligusana na mshipa wa damu wenye upana wa mm 4. PET, picha inayong'arisha seli zinazotumia sukari nyingi, haikuonyesha kingine popote.

Mtu mwenye historia ya saratani, CEA inayopanda na kinundu kipya: wengi wangeishia hapo na kukiita saratani. Lakini pwani yetu ina kifua kikuu cha kutosha, na kifua kikuu hung'aa kwenye PET kama saratani ing'aavyo. Alichukuliwa kinyama kwa sindano ya geji 18, nusu kikapelekwa patholojia na nusu kikapimwa kifua kikuu kwa GeneXpert. Jibu: saratani iliyotoka utumboni, kifua kikuu hakuna. Kinyama kilichukuliwa wiki mbili kabla ya tiba, na hilo lilifaa. Sindano ikivujisha damu kuzunguka kinundu, mipaka yake hufichika, na ukiunguza papo hapo hujui tena unalenga nini.

Kwa nini ilichaguliwa kuunguza

Njia zilizowekwa mezani zilikuwa nne: upasuaji, mionzi ya dozi kubwa inayolengwa kwa siku chache, kuunguza kwa sindano, au kemo peke yake na kusubiri.

Upasuaji uliwezekana kiufundi. Ila kinundu kilikaa ndani kiasi kwamba kipande kidogo cha pembeni kisingetosha, ingebidi kukata sehemu kubwa ya pafu la mtu ambaye tayari amekatwa upande wa pili na ana asilimia 56. Isitoshe, faida ya kukata vinundu vya namna hii haijakamilika kuthibitishwa. Jaribio la PulMiCC nchini Uingereza, lililowagawa wagonjwa kwa kura kati ya kukatwa na kutokatwa, lilisimama mapema kwa kukosa washiriki wa kutosha, na wasiokatwa waliishi muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa.

Mionzi ilikuwa mshindani halisi, na kikao kingine cha saratani kingeweza kuichagua bila kulaumiwa. Kilichoelekeza mizani ni kwamba saratani ya aina hii ina tabia ya kuleta kinundu kingine baadaye, na sindano inaweza kurudiwa mara nyingi bila kuacha mapafu na akiba pungufu sana.

Tiba yenyewe si ngeni. Damian Dupuy na wenzake nchini Marekani waliripoti kuunguza vivimbe vya mapafu kwa umeme wa masafa ya redio mwaka 2000. Mwaka 2008 utafiti wa RAPTURE, wenye wagonjwa 106 na vivimbe 183 visivyozidi sm 3.5, ulionyesha kuwa asilimia 88 ya wagonjwa walioweza kutathminiwa walikuwa na vivimbe vilivyodhibitiwa kikamilifu kwa angalau mwaka mmoja. Thierry de Baere na wenzake huko Ufaransa walitoa mwaka 2015 matokeo ya wagonjwa 566 wenye vinundu vilivyosambaa mapafuni, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 62. Kinachojirudia katika tafiti hizi ni ukubwa: chini ya sm 2 mambo huenda vizuri, juu ya sm 3 uvimbe hurudi mara nyingi mno. Kinundu cha mm 16 kilikuwa ndani ya eneo zuri. Kasoro yake ilikuwa ule mshipa.

Moto ndani ya kiungo kilichojaa hewa

Seli zikifika nyuzi 60 za Selsiasi hufa karibu papo hapo. Kati ya 50 na 60 zinahitaji dakika kadhaa. Pafu lina ugumu wake, kwa kuwa hewa haipitishi joto wala umeme vizuri. Umeme wa masafa ya redio hukwama: tishu iliyo karibu na sindano ikipita nyuzi 100 hukauka na kuungua kuwa mkaa, ukinzani hupanda, mashine hujipunguza. Maikrowevu, kwa masafa ya 915 MHz au 2,450 MHz, hutikisa molekuli za maji moja kwa moja na hazihitaji mkondo wa umeme kupita mwilini, kwa hiyo hupenya hewa na tishu iliyokauka vizuri zaidi, na kwa muda mfupi.

Kugandisha kwa gesi ya argoni ni njia ya tatu. Mapafuni hufanywa kwa mizunguko mitatu, kwa kawaida dakika 3 za kugandisha, 3 za kuyeyusha, kisha 7 na 7, kisha 10 za kugandisha tena. Mzunguko wa kwanza hufanya damu na majimaji yajae kwenye vifuko vya hewa, na hapo ndipo barafu ya mizunguko inayofuata hupata kitu cha kushika. Haiumizi sana karibu na ukuta wa kifua, lakini hutokwa damu zaidi na huchukua muda. Kwa kinundu kilicho mbali na ukuta, timu ilichagua maikrowevu.

Halafu kuna mishipa. Damu inayopita kwenye mshipa wa zaidi ya mm 3 huchukua joto na kwenda nalo. Maikrowevu huathirika kidogo kuliko masafa ya redio, lakini huathirika. Jedwali linalokuja na mashine, la wati na dakika kwa kila ukubwa wa eneo la kuunguza, halilijui hilo. Majedwali mengi yametokana na maini ya wanyama yaliyotolewa mwilini: hayana hewa ndani yake na hayana damu inayotembea. Ukilitumia jedwali la ini kwa pafu kama lilivyo, umepanga tiba ya kiungo kingine.

Hesabu ambayo yote yameegemea

Sehemu iliyoungua huonekana kwenye CT kama ukungu mweupe unaozunguka kinundu. Ukungu huo sio wote uliokufa. Ukanda wake wa nje ni damu na majimaji ya tishu iliyokasirika tu, na seli zake zaweza kuwa hai. Kwa hiyo ukungu unapaswa kuvuka kinundu kwa angalau mm 5 kila upande, na lengo ni mm 10.

Kinundu cha mm 16 kina nusu kipenyo cha mm 8. Ukitaka ukingo wa mm 10 unahitaji ukungu wenye upana wa mm 36. Ukiridhika na mm 5, unahitaji 26. Eneo linaloungua huwa na umbo la yai, refu kufuata antena na jembamba kando, na upana mwembamba ndio unaohesabiwa. Urefu hudanganya.

Chumba cha CT

Maandalizi hayakuwa na mengi: chembe sahani juu ya 50,000, INR, kipimo cha damu kuganda, isiyozidi 1.5, na klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, imeachwa siku 5. Mgonjwa alipewa nusukaputi na kulazwa kifudifudi, kwa sababu kinundu kilikuwa nyuma. Mikono ikinyooshwa juu kwa saa nzima huvuta mishipa ya fahamu ya bega, hivyo iliegemezwa kwa mito, viwiko vimekunjwa.

Njia ilichorwa kwenye picha zenye unene wa mm 1.5. Masharti yake: kutoboa utando wa pafu mara moja tu, kupita ukingo wa juu wa ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu hulala chini ya ubavu wa juu yake, kuepuka mfereji unaotenganisha sehemu za pafu, na kuepuka vifuko vya hewa vilivyopanuka, ambavyo mapafu ya moshi wa kuni huwa navyo. Ganzi ya lidokeini ya asilimia 1, mililita 10, ilisambazwa hadi karibu na utando. Mtaalamu wa nusukaputi alisimamisha mashine ya kupumua mwisho wa kutoa pumzi kila mara antena iliposogezwa, kwa kituo kilekile alichosimamia wakati wa kupanga. Kituo kikibadilika, kinundu cha sehemu ya chini huhama kwa sentimita nzima au zaidi.

Antena ilikuwa ya geji 14, inayopozwa kwa maji. Ilifika mahali pake katika sogezo la tatu, na picha ilionyesha imepita katikati ya kinundu, ncha ikiwa imevuka upande wa mbali kwa mm 8. Mpango: wati 60 kwa dakika 6, kupiga picha, kisha kuamua kama antena ihamishwe kuelekea mshipa kwa awamu ya pili.

Kati ya picha ile na kuwashwa kwa mashine zilipita dakika nane: kuunganisha mirija ya maji, kupima mtiririko, kufunika. Katika dakika hizo hewa ilikuwa ikiingia kupitia tundu la utando. Nyumothoraksi, yaani hewa kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ni tatizo la kawaida kuliko yote katika tiba hii, na yenyewe si aibu. Hapa ilikuwa nyembamba, mm 6. Pafu lilishuka kidogo, likajizungusha, na kinundu kikazunguka nalo. Antena ilibaki pale ukuta wa kifua unapoishika.

Mashine iliwashwa bila picha mpya.

Hapa ndipo kisa kiliamuliwa, ingawa chumbani hakuna aliyejua. Kuzungusha upya picha za kipindi hicho kwa pembe ya antena kunaonyesha imepita mm 3 nje ya katikati, upande wa mbali na mshipa. Kwenye picha za kukata mlalo, ambazo ndizo watu huzitazama kwa haraka, inaonekana imekaa sawa.

Dakika ya pili hewa ilifika mm 12. Ya nne ilikuwa mm 25, oksijeni ikashuka kutoka 98 hadi 91, na mkazo wa mashine ya kupumua ukapanda. Mgonjwa anayepumuliwa kwa mashine hana anasa ya kusubiri, kwani kila pumzi inasukuma hewa zaidi kifuani, na moyo unaweza kubanwa kwa dakika chache. Kuunguza kulisitishwa dakika 4 na nusu. Mrija mwembamba wa saizi ya 8 French uliingizwa pembeni, nafasi ya tano kati ya mbavu chini ya kwapa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa kifudifudi na mbele hapakufikika. Kwa sirinji ya mililita 60 na koki ya njia tatu zilitolewa mililita 450 za hewa. Oksijeni ikarudi 97. Hewa ilikuwa bado inakuja, dalili kwamba pafu linavuja, hivyo mrija ukaunganishwa na chupa ya maji na kuachwa.

Uamuzi wa kusitisha ulikuwa sahihi. Uamuzi wa kutoendelea baada ya pafu kujaa ndio wa kujadiliwa. Picha ya mwisho ilionyesha ukungu wa mm 35 kwa 27, kinundu kikiwa ndani yake, na taarifa ya tiba ikaandika kwamba kinundu chote kimefunikwa. Ni kweli kimefunikwa. Lakini weka rula: nusu ya 27 ni 13.5. Ukingo wa ndani wa kinundu ulikuwa mm 8 na 3, jumla 11, kutoka kwenye antena. Umebaki mm 2.5 za ukungu, tena upande uleule unaopozwa na damu. Upande wa nje kulikuwa na mm 8.5. Laiti antena ingekuwa katikati, muda uleule pungufu ungetoa mm 5.5 pande zote. Kungekuwa na cha kutegemea, ingawa si kwa kujivunia.

Kilichopaswa kufanyika kabla ya kuwasha ni kidogo: hewa inayoonekana itolewe kwanza, pafu lijae, ipigwe picha mpya yenye mikato michache tu eneo la antena, itazamwe kwa pembe tatu. Ni dakika tano. Na baada ya mrija kufanya kazi, antena ingevutwa nyuma ikiwa bado ndani ya pafu, bila kutoboa utando upya, na kuelekezwa upande wa mshipa kwa dakika nyingine nne au tano. Kuna jambo linalowazuia watu wengi wakati huo, nalo ni hofu iliyokwisha kuingia chumbani. Mgonjwa ametoka kushuka hadi 91, mtaalamu wa nusukaputi anatazama saa, na picha inaonyesha kinundu kimezungukwa. Ni rahisi sana kuridhika.

Kitu kingine kinachodanganya macho katika dakika hizo: tishu inayopigwa maikrowevu hupoteza maji na kusinyaa. Kinundu kilichokuwa mm 16 kilipimwa mm 13 ndani ya ukungu. Anayepima ukingo kwa kinundu kilichosinyaa hujiongezea milimita ambazo hakuzipata. Ukingo hupimwa kwa kulinganisha na picha ya kabla ya moto, kwa alama zisizohama kama matawi ya mishipa.

Wiki za mwanzo

Mrija ulitolewa siku ya pili, baada ya kubanwa kwa saa chache na eksirei kuonyesha pafu limebaki limejaa. Angekuwa bado anavuja baada ya siku kadhaa, lingezuka swali la tundu linalounganisha bomba la hewa na uwazi wa kifua, jambo linalotokea pale moto unapounguza utando wenyewe. Alipata homa ya nyuzi 38.2, uchovu, na makohozi yenye michirizi ya damu kwa siku nane. Hayo hutarajiwa na hutulizwa kwa parasetamoli. Yasiyotarajiwa, ambayo aliandikiwa kwa Kiswahili kwenye karatasi, ni homa inayoanza upya au kupanda baada ya wiki, damu tupu, na pumzi kukata ghafla. Nyumothoraksi inaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, hata kwa mtu aliyeruhusiwa akiwa mzima.

Tiba ilifanyika India, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa kwetu wanaopewa rufaa, kwa hiyo suala la ndege halikuwa dogo. Hewa iliyobaki kifuani hutanuka angani shinikizo linaposhuka. Mwongozo wa kawaida ni kusubiri angalau wiki moja tangu picha ithibitishe pafu limejaa. Alisafiri siku ya 12.

Alirudi na barua ya kurasa mbili. Picha zenyewe hakurudi nazo.

Picha za nyumbani

CT ya mwezi wa kwanza ilipigwa Mombasa. Msomaji wake alikuwa na maelezo ya mstari mmoja, "saratani ya utumbo, kinundu pafu la kulia mm 16", na mbele yake kitu cha mm 38 kwa 29. Aliandika alichokiona. Kijana wa mgonjwa alimpelekea daktari wa saratani ripoti ile na swali la haki kabisa: "Daktari, mama alienda na mm 16 amerudi na 38. Tulilipia nini?"

"Kaka, hiki si kinundu," daktari alijibu. "Hili ni eneo lote lililounguzwa, pamoja na uvimbe wa mwili kujitibu. Kinundu kimo ndani yake. Kipimo chetu cha kuanzia ni hiki cha leo, si kile cha kabla."

Ndivyo ilivyo. Katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu eneo lililoungua huwa kubwa kuliko uvimbe wa awali, na lazima liwe kubwa, maana lisingekuwa kubwa ukingo usingekuwepo. Picha ya mwezi wa kwanza ndiyo rula ya zote zinazofuata. Kuanzia mwezi wa tatu linapaswa kuanza kusinyaa, na ifikapo mwezi wa sita lisiwe kubwa kuliko rula hiyo. PET nayo isiharakishwe. Kabla ya miezi mitatu pete ya kovu changa hung'aa yenyewe, na baada ya miezi sita ndipo inaaminika zaidi.

Mwezi wa tatu eneo lilikuwa mm 30 kwa 22, na katikati kulikuwa na shimo dogo la hewa. Shimo baada ya kuunguza ni kawaida, hasa bomba la hewa likiwa jirani. Tishu iliyokufa hukoholewa na kuacha uwazi. Kwetu, shimo pafuni huitwa kifua kikuu kabla mgonjwa hajaketi. Makohozi yalipimwa, hayakuwa na kitu, na hakuanzishiwa vidonge vya miezi sita alivyokuwa karibu kupewa. CEA ilikuwa 2.4.

Mwezi wa sita: mm 24 kwa 17. Ripoti iliandika kwamba kidonda kimepungua, na kwa kipimo cha urefu na upana kilikuwa kimepungua kweli. CEA ilikuwa 4.1, bado chini ya 5, ikahesabiwa kuwa ya kawaida.

Hakuna aliyetazama umbo. Kovu zuri husinyaa kwa usawa, kingo zake zikiwa laini au zikivutwa kama nyuzi. Hili lilisinyaa pande tatu, na upande wa ndani, penye mshipa, palibaki kifundo cha mm 9 kilichotokeza. Kovu linalopungua linaweza kuficha saratani inayokua, kwa sababu vipimo viwili vya jumla hujumlisha vyote viwili na kupata nambari ndogo. Dawa ya kontrasti ingeeleza: sehemu iliyokufa haiingizi damu, na ongezeko la zaidi ya vizio 15 vya Hounsfield, kipimo cha weupe kwenye CT, kwenye kifundo huwa na shaka. Picha ya mwezi wa sita ilipigwa bila kontrasti ili kupunguza gharama. Na CEA haisomwi peke yake. Iliyotoka 2.4 hadi 4.1 kwa miezi mitatu inapanda, hata kama haijavuka mstari wa maabara.

Kilichofungua macho ni picha za India, zilizofika kwenye diski mwezi wa saba baada ya familia kuziomba mara kadhaa. Zilipowekwa kando ya zile za Mombasa, upande wa mm 2.5 na upande wa kifundo ulikuwa mmoja. Hakuna ripoti ya maandishi ambayo ingeonyesha hilo. Anayetibiwa ng'ambo adai picha kamili za DICOM, yaani faili zenyewe za mashine, za hatua tatu: kabla, antena ikiwa ndani, na mara baada ya moto. Pamoja nazo ipatikane taarifa yenye wati, dakika, idadi ya sehemu antena ilipowekwa, na ukingo mdogo kabisa uliopimwa na uko upande gani. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi, nalo humwambia msomaji wa nyumbani pa kutazama kwanza.

Mara ya pili

PET ya mwezi wa saba iling'aa kwenye kifundo tu. CEA ilikuwa 5.6. Kinyama kilithibitisha saratani. Mionzi ilijadiliwa upya, ikaonekana inafaa, lakini kifundo cha mm 10 kilicho wazi kwa sindano kilikuwa bado kazi ya maikrowevu, safari hii kwa kumlenga adui halisi.

Antena haikupitishwa katikati ya kifundo. Njia ilichorwa sambamba na mshipa, kati yake na katikati ya kifundo, ili joto kubwa zaidi liangukie pale damu inapoliiba. Baada ya kutoboa utando timu ilisubiri, ikapiga picha, ikaona hewa ya mm 5, ikaitoa kwa kanula, ikapiga picha tena kwa pembe ya antena. Kovu la tiba ya kwanza lilikuwa limeshikamanisha sehemu ya pafu, hivyo halikuzunguka kama mwanzo. Wati 60 kwa dakika 6, kisha antena ikavutwa nyuma mm 10 na kuwashwa dakika 3 zaidi ili yai liwe refu kufuata mshipa. Ukungu ulivuka hadi upande wa pili wa mshipa. Ukingo mdogo kabisa, uliopimwa dhidi ya picha ya kabla, ulikuwa mm 8, upande wa juu. Uliandikwa kwenye taarifa. Mrija haukuhitajika.

Mwezi wa kwanza baada ya tiba hii eneo lilikuwa mm 44 kwa 31, na safari hii hakuna aliyeogopa. Ratiba ni CT yenye kontrasti kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza, kila sita kwa mwaka wa pili, kisha mara moja kwa mwaka. Mwezi wa 12 kovu lilikuwa mm 21 kwa 9, laini pande zote, bila kuingiza damu, na CEA 2.3. Picha hiyohiyo ilionyesha nukta mpya ya mm 4 kwenye pafu la kushoto. Ni ndogo mno kwa sindano ya kinyama, na kwa ukubwa huo yaweza kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani au mwanzo wa kinundu kingine. Imepangiwa kupimwa tena baada ya miezi mitatu, kwa mashine ileile na unene uleule wa mikato.